Kofia ya Uelewa

Iko nchi moja inaitwa Tumefika. Zamani ikiitwa Tunakwenda, lakini Rais wake wa sasa aliona jina hilo linaleta usumbufu, kwa sababu mtu anayeambiwa kila siku kwamba anakwenda mwishowe huuliza anakwenda wapi. Basi jina likabadilishwa kwa amri, na tangu asubuhi ile maendeleo yote yakahesabiwa kuwa yamekamilika. Barabara zisizokuwapo zikaandikwa kuwa zimepumzishwa. Hospitali zisizo na dawa zikaitwa hospitali za wenye afya. Wananchi wa Tumefika ni watu wapole sana, na wale wasiokuwa wapole hawaishi tena huko, kwa hiyo nchi ina utulivu wa kupendeza.

Katika mji mdogo wa nchi hiyo uitwao Kisimani palikuwa na mwalimu wa sayansi wa shule ya kati, jina lake Kolumba Ndimbo. Alikuwa mtu mrefu, mabega yameinama kama ya mtu anayepita mlango mfupi, na mifuko ya suruali yake haikukosa nyaya, betri kuukuu na bisibisi. Serikali ilikuwa imempa chaki na picha ya Rais. Vingine vyote alijitengenezea mwenyewe. Balbu iliyoungua aliitoa matumbo, akaijaza maji, ikawa lenzi ya kutazamia mguu wa nzi. Spika ya redio mbovu aliipasua akapata sumaku. Walimu wenzake walimwita Fundi Redio, naye hakukasirika, kwa kuwa aliamini kwa moyo wake wote kwamba mtoto akishaona kitu kwa macho yake, hapo ndipo somo linapoanza.

Jambo moja tu lilimnyima raha. Kila alipouliza, "Mmeelewa?" darasa zima lilijibu, "Ndiyooo, mwalimu!" kwa sauti ya kupasua paa. Akitoa jaribio, anakuta hawakuelewa hata punje. Hakuwalaumu. Katika Tumefika, kusema hujaelewa kulikuwa karibu sana na kusema hatujafika, na kusema hatujafika kuliwahi kumpotezea mtu mmoja wa mtaa wa pili nyumba na meno ya mbele.

Basi Mwalimu Ndimbo akatumia likizo nzima kufunga kitufe chini ya kila dawati. Nyaya zilipita sakafuni, zikakutana kwenye balbu moja ya tochi juu ya meza yake. Mtoto asiyeelewa alibonyeza kimya kimya, balbu ikawaka, na hakuna aliyejua ni nani aliyebonyeza. Mwalimu akiona taa, anarudia somo kwa njia nyingine. Ikiwaka tena, anarudia tena. Siku ya kwanza iliwaka mpaka betri ikaisha.

Msichana mmoja tu ndiye ambaye hakujali kuficha. Aliitwa Yusta, mtoto wa Bi Adventina, mshona nguo wa pale sokoni. Yusta alibonyeza kitufe, halafu akanyoosha na mkono.

"Kitufe kinatosha, Yusta," mwalimu alimwambia.

"Najua, mwalimu. Lakini kitufe hakisemi ni wapi nilipopotea."

Mwalimu Ndimbo alicheka. Kwa muda wa muhula mmoja alikuwa mwalimu mwenye furaha kuliko wote katika nchi ile, na laiti mambo yangeishia pale, nisingekuwa na la kusimulia.

*

Siku moja akaja Mkaguzi wa Elimu wa Mkoa, Bwana Likunda, mwanamume mwenye tumbo la heshima na sauti ya mtangazaji wa redio. Aliketi mbele ya darasa, na balbu ilipowaka ghafla alijitupa chini ya meza, akidhani ni bomu. Alipoelezwa, alijipangusa vumbi akasema kwamba alikuwa anakagua sakafu. Kisha akauliza maswali mengi, akakwea gari lake na kuondoka bila hata kumalizia soda yake.

Haikupita muda, Waziri mwenyewe akatua Kisimani. Huyu aliitwa Mheshimiwa Gervasi Pangamawe, Waziri wa Elimu, Kasi na Mitambo. Alikuja na magari mengi kuliko madawati ya shule. Wanafunzi walitolewa nje, wakapangwa juani, naye akahutubia.

"Ndugu wananchi! Tangu dunia iumbwe, mwanadamu amepima urefu, amepima uzito, amepima joto, amepima mvua. Lakini uelewa? Uelewa haujapimwa popote! Wakubwa wa dunia wamejaribu, wakashindwa, wakalia. Leo hii, katika Kisimani yetu isiyo na kisima, mtoto wa mkulima ameupima kwa balbu ya tochi!"

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Ndimbo akamsogelea, akanong'ona kwa adabu, "Mheshimiwa, naomba nirekebishe kidogo. Taa hii haimpimi mtoto. Inanipima mimi mwalimu. Ikiwaka, maana yake mimi sijafundisha vizuri."

Waziri akamshika bega kama baba amshikavyo mwanawe. "Hiyo ni hitilafu ndogo," alisema. "Wataalamu wataigeuza."

Hapo Mwalimu Ndimbo angeweza kusema neno. Baadaye, kila alipofikiria maisha yake, alirudi pale juani, bega lake likiwa chini ya kiganja kile kizito chenye saa ya dhahabu, na kila mara alijiona amenyamaza. Alinyamaza kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Wazazi waliokuwa wakimcheka kwa kuokota betri jalalani walikuwa wananyoosha shingo kumwona. Na Waziri alikuwa amesema, "Wewe na mimi tutafanya makubwa." Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Kolumba Ndimbo maneno kama hayo.

Akachukuliwa hadi mji mkuu. Akapewa suti, ofisi yenye kiyoyozi, na cheo cha Mshauri wa Taifa wa Taa. Mlangoni alikaa mhudumu ambaye kazi yake ilikuwa kumwambia kila ajaye kwamba Mshauri yuko kikaoni, hata alipokuwa anakula karanga. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye akawa anakula karanga zake kwa utulivu.

*

Chombo kikatengenezwa. Zabuni ilitangazwa kwa haki na uwazi, na kwa bahati njema akaipata shemeji yake Waziri, ambaye mpaka wiki ile alikuwa anauza magodoro. Kiliitwa Kofia ya Uelewa. Ilikuwa kofia ya plastiki yenye taa juu ya utosi: mtoto akielewa inawaka kijani, asipoelewa inawaka nyekundu. Hakukuwa na kitufe tena. "Mtoto hawezi kuaminiwa kusema kama ameelewa," Waziri alieleza. "Mtambo ndio utakaosema."

Sampuli ya kwanza ililetwa ofisini kwa Mwalimu Ndimbo ili aipitishe. Aliivaa mbele ya kioo, akafikiria jambo gumu, taa ikawaka nyekundu. Akafikiria jambo rahisi, ikabaki nyekundu. Akatikisa kichwa chini juu kwa mshangao, ikawaka kijani.

Mikono yake ikaanza kumwasha. Akafunga mlango, akatoa bisibisi yake ya zamani ambayo mhudumu alimwambia haifai kuonekana kwenye suti, akaifungua ile kofia. Ndani hamkuwa na utaalamu wowote. Palikuwa na kichupa kidogo, na ndani ya kichupa gololi ya chuma. Kichwa kikiinama na kuinuka, gololi inagusa nyaya za mbele, na taa inakuwa kijani. Kichwa kikienda kushoto na kulia, au kikitulia tu kama kichwa cha mtu anayewaza, gololi inaangukia upande mwingine, na taa inakuwa nyekundu. Ilikuwa kofia ya kupima kuitikia kwa kichwa. Kitu kingine chochote haikukijua.

Akavipanga vipande vile mezani kimoja kimoja. Kisha simu ikalia, na alikuwa Waziri.

"Mshauri wangu, kofia inasemaje?"

"Mheshimiwa, iko... nimeifungua kidogo..."

"Safi sana! Nimekwisha kumwambia Rais kwamba umeikubali. Amefurahi mno. Na zile darubini za Kisimani ulizoziomba, nazitia sahihi leo leo. Basi, iko sawa?"

Mwalimu Ndimbo aliwaona akilini watoto wa Kisimani wameinamia darubini za kweli, badala ya balbu za maji. Alijiambia kwamba akiwa ndani ataweza kurekebisha mambo polepole. Alijiambia pia kwamba kofia haiwezi kumdhuru mtu, ni plastiki tu. Chini kabisa ya hayo yote alijua kwamba alipenda kuitwa "Mshauri wangu".

"Iko sawa, Mheshimiwa," alisema.

Akarudisha gololi ndani ya kichupa na kukaza skurubu zote. Darubini hazikufika Kisimani kamwe. Inasemekana zilitiwa sahihi, na sahihi hiyo ilikuwa nzuri sana.

*

Kofia zikagawiwa nchi nzima, na uelewa wa taifa ukapanda kwa namna ambayo haijawahi kuonekana. Mwezi wa kwanza ulifika asilimia tisini. Mwezi wa pili ukafika mia na nne, na mtakwimu aliyeuliza hiyo nne imetoka wapi akapewa uhamisho wa kwenda kuhesabu mawimbi. Watoto si wajinga. Waligundua siri ya kofia kabla ya saa ya mapumziko ya siku ya kwanza, na tangu hapo madarasa ya Tumefika yakawa kama vizimba vya kuku wanaodonoa. Walimu nao walipumzika. Mmoja alisoma majina ya timu za mpira kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya mchana, na darasa lake likaongoza wilaya.

Ila wapo watoto wachache, kila shule, ambao hawakuweza. Wengine walitulia sana walipofikiri. Wengine shingo zao zilikuwa na maumivu. Wengine, kama Yusta, hawakukubali tu kukubali. Hao taa zao zilikaa nyekundu, na Wizara ikatoa mwongozo kwamba mtoto mwekundu ni mzigo kwa wastani wa taifa, hivyo arudishwe nyumbani apumzike mpaka atakapoelewa. Atakapoelewa wapi, na nani atamfundisha, mwongozo haukusema. Wakaitwa Wekundu. Hata majirani waliwaita hivyo.

Mwalimu Ndimbo alisikia habari hizo ofisini. Alijitetea moyoni kwamba ni wachache. Kisha Waziri akatangaza kwamba maonyesho ya kitaifa yatafanyika pale pale taa ilipozaliwa, Kisimani, na Mshauri atakuwa mgeni wa heshima.

Darasa lilikuwa lile lile, ila vitufe vilikuwa vimeng'olewa chini ya madawati, na nyaya zake zilikuwa zinatumiwa kuanikia nguo za mwalimu mkuu. Watoto walikaa na kofia zao, macho mbele. Yusta, ambaye barua yake ya kurudishwa nyumbani ilikuwa bado njiani, alikaa dawati la kwanza. Alipomwona mwalimu wake wa zamani, alitabasamu waziwazi, kama mtu aliyepotea sokoni anayemwona ndugu yake.

Waziri mwenyewe alichukua chaki. "Leo nitawafundisha kwa nini tunauona mwanga wa radi kabla ya kusikia ngurumo. Ni rahisi! Mwanga ni mwepesi, sauti ni nzito. Sauti inachoka njiani, inapumzika mawinguni, halafu ndiyo inashuka. Mmeelewa?"

Vichwa vikainama na kuinuka. Darasa likawa kijani kama shamba la mpunga. Kijani tupu, isipokuwa taa moja ya dawati la kwanza.

Yusta alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, mimi sijaelewa. Kama sauti ni nzito, mbona mtoto akilia ghorofani na akilia chini tunamsikia sawasawa?"

Mkaguzi Likunda, aliyesimama dirishani, akaanza kukagua dari. Waziri hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu, na wanaomjua walisema baadaye kwamba hiyo ndiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Binti mzuri," alisema. "Mimi si mtu wa kubishana na watoto. Tuna sayansi. Mshauri! Kofia inasemaje?"

Macho yote yakamgeukia Mwalimu Ndimbo. Yusta naye akamgeukia, bado na lile tabasamu, kwa maana alikuwa na hakika. Alikuwa amefundishwa na mtu huyu kwamba mwanga hukimbia kuliko sauti, wala sauti haina uzito wa kuichosha njiani. Ndiyo maana aliuliza. Aliuliza kwa sababu mwalimu wake alikuwapo.

Mwalimu Ndimbo alifungua kinywa. Alisikia sauti, akashangaa kugundua kwamba ni yake.

"Inasema hajaelewa, Mheshimiwa."

Tabasamu la Yusta halikutoka mara moja. Lilibaki usoni kidogo, kama limesahauliwa pale. Kisha msichana akavua kofia, akaiweka juu ya dawati taratibu isije ikavunjika, akachukua mkoba wake na kutoka. Hakulia. Mwalimu Ndimbo angependa sana kama angelia.

*

Tangu siku ile chakula kilimshinda. Aliletewa nyama, akaona taa nyekundu. Akaletewa nyanya, akainuka mezani. Ofisini alizima kiyoyozi, kwa kuwa aliona hastahili ubaridi ule, halafu akakaa anatokwa jasho na kuona kwamba hata jasho hilo halimsaidii Yusta chochote. Mwishowe akapiga moyo konde, akaenda kwa Waziri na kofia moja mkononi, akaifungua mbele yake.

"Mheshimiwa, nimekosa. Nilijua tangu siku ya kwanza. Hii haipimi uelewa. Kuna gololi tu humu ndani. Inapima nani anaitikia kwa kichwa. Tumewafukuza watoto wanaofikiri, na mimi ndiye niliyesema iko sawa."

Waziri aliitazama ile gololi. Akaiviringisha kiganjani. Macho yake yakaanza kung'aa.

"Unasema inapima kukubali?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Inaweza kumtambua mtu ambaye hajakubali, hata kama hajasema neno?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kolumba!" Waziri alisimama, akamkumbatia. "Kwa nini ulinificha jambo zuri kama hili?"

Kabla ya mwezi kwisha, Bunge zima lilikuwa limevaa kofia. Vikao vilivyokuwa vinachukua wiki vikawa vinakwisha kabla chai haijapoa. Kofia zikapelekwa mahakamani, sokoni, hata misibani, ambako wafiwa walitakiwa kuonyesha kwamba wameelewa kifo. Na Mwalimu Ndimbo, kwa kugundua matumizi mapya ya chombo chake, akatunukiwa Nishani ya Taa, Daraja la Kwanza.

Siku ya kuvishwa nishani uwanja ulijaa pomoni. Kila raia alikuwa na kofia yake. Mwalimu Ndimbo alipopewa kipaza sauti ashukuru, alikata shauri kwamba kama haiwezekani kuungama mbele ya mtu mmoja, ataungama mbele ya wote.

"Wananchi wenzangu," alisema. "Mimi ni mwongo. Nimewadanganya. Kofia mlizovaa hazijui kitu. Watoto wenu waliofukuzwa hawana kosa. Kosa ni langu. Nilinyamaza ili nipate cheo. Mmenielewa?"

Uwanja mzima ukaitikia kwa kichwa. Taa zikawaka kijani kuanzia jukwaa kuu hadi kule nyuma kwa wauza maji. Bendi ikapiga. Waziri akamnyanyua mkono juu, na kesho yake gazeti la serikali likaandika kwa herufi kubwa: MSHAURI AUNGAMA, UELEWA WAFIKIA KILELE. Hakuna aliyemkamata. Hakuna hata aliyemzomea. Alisubiri ofisini siku nzima aje mtu wa kumwadhibu, akaja mhudumu tu kumuuliza kama karanga zimekwisha.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba katika nchi ile adhabu haitakuja. Itabidi aende mwenyewe akaitafute. Akaacha nishani mezani na suti kwenye kiti, akavaa suruali yake ya zamani. Wizara ikatangaza kwamba Mshauri anaumwa ugonjwa wa unyenyekevu, na wananchi wamwombee.

*

Bi Adventina alikuwa barazani kwake, mguu kwenye cherehani, pini mdomoni. Alimwona mwalimu anakuja, hakusimamisha cherehani.

"Hodi hapa, Mama Yusta."

Mama alishona mpaka mwisho wa pindo. Akakata uzi kwa meno, akatema pini kiganjani. "Karibu, Mwalimu. Umekuja kumpima tena?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi yangu?"

"Yako pia. Lakini kwanza yake."

Mama alimtazama juu mpaka chini, akiona jinsi suruali ilivyomlegea. Akaita ndani. Yusta akatoka na nguo iliyokatwa nusu mikononi. Alikuwa amewekwa kwenye kazi ya vifungo. Alipomwona mgeni alisimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, kwa sababu alilelewa vizuri.

Marahaba ni neno jepesi, ambalo mtu mzima hulitamka huku anafikiria mengine, lakini Mwalimu Ndimbo hakuona kwamba anastahili kulitamka. "Usiniamkie kwanza," alisema. "Nisikilize. Ulichouliza siku ile kilikuwa sahihi. Waziri alisema uongo. Mimi nilijua, nikasema hujaelewa."

"Najua," Yusta alisema.

"Na kofia nayo ni uongo."

"Hilo nalo tunalijua wote, Mwalimu. Hata wadogo wa darasa la kwanza." Alifikiri kidogo, kichwa kimetulia kabisa. "Mimi nataka kujua kitu kingine. Ulijua lini? Siku ile ile, ukashtuka ukashindwa kusema? Au ulijua kabla?"

Palikuwa na mlango wa kutokea katika swali lile, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeufungua. Mwalimu Ndimbo aliuona. Angeweza kusema kwamba alishtuka. Mtu anaweza kumsamehe aliyeshtuka.

"Nilijua kabla," alisema. "Kabla hazijagawiwa. Niliifungua kwa mkono wangu."

Yusta alizungusha kifungo kimoja katikati ya vidole.

"Wenzangu wamefika wapi kwenye sayansi?" aliuliza hatimaye.

"Hawajafika popote. Wanaitikia tu."

"Basi nifundishe wewe. Nitakuja kusoma. Kusamehe bado."

"Sawa," alisema Mwalimu Ndimbo, na lilikuwa jambo la kwanza kwa muda mrefu alilolikubali bila kuona haya. Mama naye akasogeza vitambaa upande mmoja wa baraza. Hakusema karibu, lakini alisogeza.

*

Walianza wawili. Kisha akaja mvulana mwenye shingo iliyokakamaa, Mwekundu wa mtaa wa juu, na mapacha waliokuwa na kawaida ya kutafakari wakiwa wamefumba macho. Wote walikuwa kazi ya mikono yake. Kila mmoja alipoingia barazani, Mwalimu Ndimbo alimweleza alilolifanya kabla ya kumfundisha neno lolote, na kila mara ilikuwa ngumu kama mara ya kwanza. Mapacha walikwenda zao kwa hasira, wakarudi kesho yake. Mvulana wa shingo hakujibu kitu, akafungua daftari. Mwalimu alipowaona wamejazana pale wanafanya kazi, furaha ilitaka kumjia, naye akaifukuza. Alikumbuka kwamba hawangekuwa pale kama si yeye, wangekuwa darasani.

Sheria ya Tumefika inakataza kufundisha pasipo kofia. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa siku moja asubuhi gari la serikali liliposimama mbele ya baraza na Mkaguzi Likunda akashuka, tumbo mbele, karatasi mkononi. Bi Adventina alishika mkasi.

Bwana Likunda akasoma kwa sauti ile ya redio. "Kwa mamlaka niliyopewa na Wizara ya Elimu, Kasi na Mitambo, natamka kwamba mkusanyiko huu wa watu wasioelewa, unaofundishwa na mtu asiyepimika, katika jengo lisilo na picha ya Rais, ni kinyume cha sheria, na unatakiwa kutawanyika mara moja!"

Akakunja karatasi. Akatazama barabarani, kulia, halafu kushoto. Akashusha sauti mpaka ikawa ya mtu wa kawaida kabisa.

"Mwalimu, unaanza saa ngapi?"

"Saa mbili, Bwana Mkaguzi."

"Basi mimi nimekuja saa moja nikakuta hamna mtu. Nitaandika hivyo." Alirudi kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, akamshusha msichana mdogo aliyevaa viatu vya ghali na kukumbatia mkoba kifuani. "Huyu ni mwanangu wa mwisho, Anzuruni. Juzi wamemrudisha nyumbani. Mama yake hajala tangu jana." Akafungua mlango wa mbele wa gari, akaufunga tena. "Mimi ndiye niliyepeleka habari za ile balbu yako kule juu, Mwalimu. Nadhani unakumbuka."

"Nakumbuka," alisema Mwalimu Ndimbo.

Walisimama pale, wanaume wazima wawili, kila mmoja anatazama viatu vya mwenzake. Kisha Mkaguzi akapanda gari na kuondoka kwa mwendo wa kasi, kama inavyotakiwa na Wizara yake.

Mtoto alibaki katikati ya baraza, hajui pa kwenda. Mwalimu Ndimbo alimkaribia, akavuta pumzi ili amweleze kama alivyowaeleza wengine. Lakini akaghairi. Mtoto alikuwa mdogo mno, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

Yusta ndiye aliyejisogeza, akapiga kiganja kwenye nafasi iliyokuwa wazi mkekani.

"Kaa hapa," alimwambia. "Yule ndiye aliyeipitisha ile kofia, na alijua ni ya uongo, na alinyamaza. Lakini muulize tu chochote. Siku hizi anajibu."

Anzuruni akakaa. Mwalimu Ndimbo akaugeukia ukuta, akaandika tarehe kwa chaki, akaikosea, akaifuta kwa mkono, akaanza upya.